Takia Kavu

Mchumba wangu alikuwa anakula paja la kuku, na mimi nilikuwa natazama pembeni nisije nikatapika juu ya meza ya mama.

Si kwamba alikula vibaya. Laiti angekula vibaya! Alikula kama alivyofanya kila kitu chake, kwa ustadi. Alipitisha kisu kwenye kiungo, nyama ikaachia, mfupa ukabaki mweupe kama umeoshwa kwa sabuni. Halafu akajifuta vidole, kimoja kimoja, akauweka mkono wake juu ya wangu palepale mezani. Mkono laini, wa baridi kidogo, unaonukia yale mafuta yake ya mawaridi. Mwezi mmoja nyuma mkono ule ungenisahaulisha chakula. Jumapili ile niliona kama konokono anatambaa kwenye ngozi yangu. Nikasingizia kiu, nikauchomoa wangu, nikashika glasi ya maji.

"Unaona mkwe wangu anavyokula?" mama akasema, macho yanamng'aa. "Hajaacha hata kamshipa kamoja. Mtu makini huyu."

"Mama, usinisifie sana, nitavimba kichwa nishindwe kupita mlangoni."

Wakacheka wote wawili. Tangu nilipomleta huyu daktari wangu nyumbani, mama alikuwa amepata mtu wa kucheka naye, na kila Jumapili alivaa gauni lake la kutokea kana kwamba anayeolewa ni yeye.

"Mbona wewe huli?" daktari akaniuliza kwa sauti ya chini, ile sauti anayowabembelezea wagonjwa wasiogope sindano.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na sahani umeichokonoa tu?" mama akadakia. "Au ndiyo mambo ya kutaka kuenea kwenye gauni la harusi? Zimebaki Jumamosi mbili, mwanangu. Hutakonda sasa."

Niseme mapema, msomaji, usije ukanidhania mtu wa kudeka. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa kumi na moja huu. Nimeosha vitu ambavyo nikivitaja hapa utafunga kitabu. Usaha, mabonge ya damu, utumbo uliooza, vyote nimevishika kwa mikono hii, kisha nikavua glavu, nikanawa, nikaenda kula mkate wangu kwa hamu. Wenzangu waliniita Pua ya Bati. Kwa hiyo kinyaa kilichonikaba Jumapili ile hakikuwa cha kuku. Kilikuwa cha mtu, na mtu mwenyewe ndiye niliyempenda kuliko wote niliowahi kuwapenda.

Nilimpenda. Hilo sitalificha.

Alikuja hospitalini kwetu miaka miwili nyuma, katoka masomoni na mtambo wake mpya. Kabla yake, mtu akitolewa mfuko wa nyongo alitobolewa matundu manne tumboni. Yeye alitoboa moja tu, kitovuni. Kwa tundu hilo alipitisha kamera na visu vyake, na pamoja navyo koleo dogo lisilo na mpini wala waya, halizidi kidole cha mtoto. Nje, juu ya tumbo, aliweka sumaku kubwa. Sumaku ikisogea kulia, koleo lililo ndani linasogea kulia. Ikienda juu, koleo linafuata na kuunyanyua mfuko wa nyongo, naye anapata nafasi ya kukata. Mgonjwa anarudi nyumbani na kovu ambalo hata mumewe atalitafuta kwa taa.

Mlangoni mwa chumba kile kulikuwa na kisahani cha plastiki. Kila aliyeingia aliacha humo saa, funguo, chochote cha chuma. Siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hatujamgusa mgonjwa yeyote, mimi nilisahau pini moja nyweleni. Niliinama kutazama, pini ikachomoka, ikaruka, ikaganda kwenye sumaku, na nywele zangu zikaporomoka usoni mbele ya watu wote. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaibandua ile pini taratibu na kunirudishia mkononi. Barakoa ilimfunika uso wote isipokuwa macho, na macho yale, jamani! Niliyatazama nikasahau kusema asante.

"Umeona?" alisema. "Hakuna aliyeigusa, lakini imekuja."

Kuanzia siku ile akaniita Sumaku yangu. Ulikuwa utani wa kijinga, nami niliupokea kama mjinga. Nilikuwa nasimama upande wangu wa kitanda, yeye upande wake, mgonjwa katikati yetu amelala, na kila aliponyoosha kiganja nilikuwa nimeshakiweka kifaa kabla hajakitaja. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu na kwa mara ya kwanza nilikuwa nawahi kazini.

Sasa, kuna kitu kinaitwa takia. Jina tulilipa sisi wenyewe. Ni kipande cha mpira mweupe, laini, cha mviringo, upana wa kiganja, kinachowekwa kati ya sumaku ya nje na ngozi ya mgonjwa. Bila takia, sumaku na koleo huvutana kupita kiasi, na nyama iliyo katikati hubanwa mpaka inakosa damu. Mtu mnene huwekewa takia jembamba, namba moja. Mtu mwembamba huwekewa nene, namba tatu. Kupima tumbo na kuchagua takia ni kazi ya muuguzi, yaani mimi.

Mgonjwa wetu mmoja, mshonaji, alikuwa mwembamba. Mama wa makamo, fundi wa sare za shule, mtu wa maneno mengi na vicheko. Nilimpima mwenyewe, nikamwekea namba tatu, nikaandika ubaoni. Siku hiyo kulikuwa na wageni kutoka hospitali nyingine, wamejipanga nyuma ya kioo wanafuatilia kila kitu kwenye skrini. Kazi ilipoanza tu, koleo likateleza. Likarudishwa, likateleza tena. Dawa yake inajulikana: unasimama, unapima upya, unabadilisha takia, au unatoboa tundu la pili na maisha yanaendelea. Ni dakika kumi za aibu ndogo. Ila daktari alikuwa ameshawaahidi wageni tundu moja.

Niligeukia meza yangu kuandaa vibanio. Nilipogeuka tena, koleo lilikuwa limetulia tuli kama limepigiliwa msumari, na nyuma ya kioo watu wanapiga makofi. Likakaa hivyo dakika arobaini.

Mwisho wa upasuaji huwa tunahesabu. Hakuna kushona kabla ya hesabu. Mimi nasoma kwa sauti, kitu kinaonyeshwa, naweka alama.

"Takia namba tatu?"

Daktari akainama, akaliokota chini ya shuka la kijani, ubavuni mwa mgonjwa, akaliinua juu nilione.

Takia lililokaa chini ya sumaku hadi mwisho hutoka na madoa ya kahawia ya dawa ya ngozi, tena limelowa jasho. Hili lilitoka jeupe pee, kavu, kama limetoka kabatini sasa hivi. Niliona. Naye akaona kwamba nimeona. Akanikonyeza.

Na mimi, Pua ya Bati, nikaweka alama ya vema kwenye karatasi. Moyo uliniruka kwa furaha, kwa sababu alinikonyeza mbele ya watu. Kila nikikumbuka furaha ile natamani kujitemea mate.

Siku ya tatu ngozi ya mshonaji ikafanya duara jeusi juu ya kitovu. Siku ya sita ikaanza kunuka.

Turudi mezani. Mama alikusanya sahani akakataa nisimsaidie. "Kaeni muongee, mna mambo yenu," akasema, akatuachia sebule. Maji ya jikoni yalipoanza kumwagika daktari akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akainyoosha mezani kwa kiganja.

"Soma, Sumaku yangu. Ni mistari minne tu."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba mimi, muuguzi wa zamu, nilikosea kipimo, nikaweka takia namba moja mahali pa namba tatu. Chini palikuwa na nafasi ya saini yangu, na kialama kidogo cha penseli cha kunionyesha pa kuanzia.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi. Nimekurahisishia."

"Umenirahisishia?"

"Sikiliza kwanza, usipandishe. Kamati inakaa kesho mchana. Wanataka kujua ngozi imekufaje. Wewe ukisema ulikosea namba, utapewa barua ya onyo. Barua, basi! Itakaa kwenye faili mpaka iliwe na mende. Mimi nikisema nilitoa takia, mtambo unafungiwa, na ukuu wa idara nitausikia kwa watu."

"Kwa hiyo ulilitoa."

Akatupa jicho kwenye mlango wa jikoni. "Punguza sauti."

"Nataka kukusikia ukisema."

"Lilikuwa linateleza, kipenzi. Uliona mwenyewe. Wewe ungefanya nini?"

"Ningebadilisha takia."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya mgonjwa."

Akavuta pumzi ndefu, pumzi ya mtu mwenye subira na mtoto. Akachukua kijiti cha meno, akakizungusha kinywani taratibu akiwa anafikiri, akapata alichokuwa anakitafuta, akakitazama. Halafu akakifuta kwenye pembe ya ile karatasi. Karatasi yangu. Hata hakugundua kwamba amefanya hivyo.

"Jumamosi ya pili tunakuwa kitu kimoja," akasema. "Nikipanda mimi, umepanda wewe. Nikianguka mimi, tumeanguka na watoto wetu. Una shida gani na kunibebea kimzigo kidogo?"

"Yule mama ananuka. Unajua?"

"Kidonda kitapona."

"Ananuka, na anaona haya, na anadhani kosa ni lake. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ngozi yake ni dhaifu. Wala si uongo mkubwa. Umri ule, nani ngozi yake si dhaifu?"

"Na Usingizi je? Si alikuwepo?" Usingizi ndilo jina tulilompa mtaalamu wetu wa dawa za usingizi, mzee mpole anayekaa kichwani mwa mgonjwa.

"Nimeshaongea naye. Anasema yeye alikuwa anaangalia mapigo ya moyo."

"Dakika zote arobaini?"

"Mtu wa kazi yule."

Nikacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata mimi kiliniudhi masikioni. Kisha nikamwuliza swali lililokuwa limenikaa kooni siku tisa.

"Siku ile uliponikonyeza. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unaniziba mdomo?"

Akatabasamu. Macho yaleyale, kope ndefu zilezile. Akanyoosha mkono anishike shavu.

"Kwani lazima iwe kimojawapo?" akasema.

Nikainuka. Sikufika mbali, bafu la kwetu liko hatua sita kutoka sebuleni, lakini hatua zile sita nilizikimbia. Nikapiga magoti nikatapika maji niliyokunywa na kidogo nilichokula, na nilipodhani nimemaliza, yale mafuta ya mawaridi yakanijia tena puani, nikaanza upya. Miaka kumi na moja sijatapika kazini hata mara moja. Nikatapikishwa na mwanamume aliyenawa.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Mama, mikono ina povu.

"Una mimba?" akanong'ona, na sauti yake ilikuwa na tumaini.

"Sina, mama."

"Una hakika?"

"Sina mimba. Ananitia kinyaa."

Akafunga mlango, akaketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Akanipangusa uso kwa ncha ya aproni yake, kama zamani nilipokuwa na homa.

"Nimesikia," akasema kwa mnong'ono. "Hizi kuta ni maboksi tu. Nimesikia yote."

"Sasa?"

"Sasa tia saini, mwanangu."

Nilimtazama nikadhani nimekosea kusikia.

"Usinitazame hivyo. Mwanamume halewi, hapigi, hana watoto wa nje. Anakuja na mfuko wa matunda kila Jumapili, ananiamkia kwa heshima. Shangazi zako wamesema weee, 'huyu wenu ataolewa lini, huyu wenu ataolewa lini,' mpaka nikaacha kwenda kwenye shughuli zao. Leo amepatikana mtu, uvunje kila kitu kwa ajili ya barua ya onyo?"

"Mama, si barua. Nikimwangalia mwili unanisisimka. Siwezi kulala kitanda kimoja na mtu huyu."

"Kinyaa kinazoeleka. Unadhani mimi sikuwa nacho? Marehemu baba yako alikuwa na miguu! Akivua viatu nzi wanahama. Nililala na miguu ile miaka ishirini na sita."

"Miguu inaoshwa, mama."

Akajifuta povu la mikononi kwenye aproni. Tukakaa, mimi sakafuni, yeye kwenye beseni, tukimsikia daktari sebuleni anakohoa kwa adabu ili tujue bado yupo.

"Alifuta nini kwenye karatasi?" mama akauliza baadaye.

"Ulichungulia?"

"Nilileta maji ya kunywa, nikarudi nayo."

"Kipande cha nyama. Cha menoni."

Mama akageukia mlango wa sebuleni. Uso ukamkunjamana polepole, kuanzia pua. "Kuku wangu," akasema. Akainuka, akarudi jikoni, na sikumsikia akicheka tena mchana ule. Daktari alipoaga aliniachia karatasi yake mezani.

Kesho yake asubuhi nilipitia kwanza kwa matroni, halafu nikasukuma kigari cha vidonda hadi wodini, kama nilivyoomba nifanye kila asubuhi tangu ngozi ile ilipogeuka nyeusi. Mshonaji alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Walikuwa wamemhamishia pale ili hewa ipite, na yeye alijua sababu. Amejimwagia manukato mpaka kwenye mto. Manukato na kidonda vilikuwa vimechanganyika vikawa harufu moja nzito, tamu na mbovu, inayokamata nyuma ya ulimi.

Mumewe alikuwa kwenye kiti mlangoni kabisa, kofia mapajani. Siku za mwanzo alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kumlisha uji. Halafu kiti kilisogea hadi miguuni. Halafu katikati ya chumba. Sasa alikuwa mlangoni, anatazama korido, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Nisamehe, mwanangu, kwa harufu," mshonaji akasema nilipovuta pazia. Kila asubuhi alisema hivyo. "Sijui nimekuwaje. Nafikiri ni ile meza ya cherehani. Nimeiegemeza tumboni miaka yote hii, ngozi imechoka."

"Usiombe msamaha, mama."

"Niombe, bwana. Nakunukia wewe, nawanukia wenzangu humu. Mimi niliyekuwa sigusi kitambaa kabla sijanawa." Akateremsha sauti. "Umemwona yule? Jana nilimwambia asogee, akasema anapunga upepo. Upepo!" Akajaribu kucheka, akashindwa, akageukia dirishani.

Nilifungua bandeji. Sitaeleza nilichokikuta. Nilisafisha taratibu, pua yangu ikiwa juu kidogo tu ya kidonda, na wala tumbo halikunisumbua. Kwa kweli niliona afadhali kule chini kuliko kokote nilikokuwa tangu jana.

Viatu vikasikika. Daktari alikuwa anapita na mafaili yake, peke yake, koti jeupe lililonyooshwa. Alimpa mume wa mshonaji mkono pale mlangoni, akaja hadi kwenye pazia, akaniinamia sikioni.

"Umetia saini?"

"Nimetia."

Uso mzima ukamlainika. Akanigusa kiwiko kidogo, mahali ambapo watu hawaoni. "Nilijua. Sumaku yangu wewe." Kisha akamgeukia mgonjwa, sauti ile ya sindano. "Habari za leo, mama yetu?"

Alisimama hatua mbili kutoka kitandani. Mkononi alikuwa na leso, akaileta puani kama mtu mwenye mafua. Mshonaji akaliona lile jambo. Akavuta shuka kujifunika mpaka kifuani, mimi mikono yangu ikiwa bado kidondani.

"Nisamehe, daktari," akasema. "Kwa harufu. Baada ya kazi yote uliyonifanyia, mimi ngozi yangu inakuharibia."

Nilimtazama mchumba wangu. Naapa nilimpa nafasi. Nilimtazama kama nilivyomtazama siku ya pini, nikiomba lile jicho nililolipenda liwe na mtu ndani yake. Neno moja tu lingetosha, hata kigugumizi.

"Usijali, mama," akasema kwa upole. "Nimeshakusamehe."

Nikaweka koleo langu kwenye sinia. Lilitoa mlio mkubwa kuliko nilivyotaka.

"Mama," nikasema, "ngozi yako haina kosa. Kwenye upasuaji kuna takia huwekwa juu ya tumbo ili sumaku isibane nyama. Nilikuwekea. Daktari akalitoa ili wageni wasione koleo linateleza. Ulibanwa dakika arobaini. Kidonda hiki ni chake."

Leso ikashuka. "Umechanganyikiwa," akasema. "Mama, muuguzi wangu amechoka, kuna mambo ya harusi..."

"Takia lilitoka kavu. Na mimi niliona, nikaandika liko sawa. Kwa hiyo ni chake na changu."

"Umeniambia umetia saini!"

"Nimetia. Niliyoandika mwenyewe. Iko mezani kwa matroni, na ile yako nimeiambatanisha hivyohivyo na pembe yake."

Hakuelewa habari ya pembe, na sikumweleza. Alinitazama kwa muda. Nilitegemea hasira, lakini niliona kitu kingine, kama mtu anayetazama kifaa kilichomharibikia mkononi. Nikavua glavu ya kushoto, nikavua pete, nikaiweka kwenye kisahani cha pamba chafu, nikakisogeza upande wake.

Hakukigusa. Aliangalia zile pamba, akaangalia pete katikati yao, na mdomo ukamkunjamana. Akaweka leso mfukoni, akarekebisha koti, akaondoka kwa hatua za mtu anayewahi kikao. Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Uliniuma mahali palepale palipokuwa pakiruka nikisikia viatu vile.

Nilivaa glavu nyingine. Mshonaji alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Uliona?" akauliza.

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mama."

"Siku ngapi?"

"Kumi, na ya leo."

Alikaa akihesabu kitu kichwani, labda siku, labda asubuhi alizoniomba msamaha. Sikutegemea anisamehe na hakunisamehe. Akalishusha shuka mwenyewe, kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, akaliacha tumbo wazi.

"Malizia kazi yako," akasema.

Nikamalizia. Niliweka bandeji mpya, nikabana pembe zote nne. Alisubiri mpaka nilipoinua mikono. Ndipo akalifungua pazia kwa nguvu, pete za pazia zikalia juu ya chuma, wodi nzima ikageuka.

"Baba watoto!"

Mlangoni mumewe akashtuka, kofia ikamwanguka.

"Njoo ukae hapa," mshonaji akasema, akipiga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Aliyekuwa ananuka ametoka."

Yule mzee akaokota kofia. Akatazama korido, upande ulikopotelea ule mlio wa viatu, kisha akamtazama mkewe. Akainua kiti chake, akaja nacho.